Kiraka cha Tarehe 9 Juni

Alhamisi, tarehe 13 Februari 2025, nilikaa safu ya mwisho ya viti vya plastiki katika boma moja nje kidogo ya Laare, nikimzika Kendi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, na homa iliyomchukua haikudumu zaidi ya siku kumi na moja. Mwaka 2017 tulikaa pamoja chumba kimoja huko Nchiru kwa muda wa miezi minne kasoro siku sita. Wasifu wake ulisomwa na binamu yake, kijana mwenye sauti nzuri ambaye bila shaka alikuwa ameuandika asubuhi hiyohiyo. Alipofika kwenye masomo alisema hivi: “Kendi alijaribu chuo cha kompyuta huko Nchiru, lakini masomo yakamshinda, akarudi nyumbani kumsaidia mama.” Kisha akaingia kwenye mambo ya kanisa. Sentensi hiyo ilipita kama ipitavyo gari la mizigo mbele ya dirisha. Mimi peke yangu ndiye niliyetikisika. Baadaye mfawidhi wa shughuli akachukua kipaza sauti, akauliza: “Kuna rafiki wa shule hapa? Asimame atuambie neno moja tu.” Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vyeusi vya heshima, mkoba mapajani, magoti yakiwa na nguvu za kutosha kuninyanyua. Sikusimama. Mfawidhi alisubiri kidogo, akasema, “Basi hakuna, tuendelee.” Neno lile, hakuna, nilikuwa nimewahi kulitamka mimi mwenyewe kumhusu Kendi, mbele ya watu watatu, Jumanne tarehe 18 Julai 2017. Ninaandika sura hii kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu nyingine yoyote.

Nilifika Nchiru Jumatatu, tarehe 9 Januari 2017, nikiwa na miaka arobaini na minne na mjane wa miaka sita. Kidato cha nne nilikuwa nimekimaliza nikiwa na miaka arobaini, nikifanya mtihani katika dawati lililotengenezwa kwa ajili ya magoti ya watoto. Mtu aliyesoma akiwa amechelewa huwa na ukali fulani kuhusu usahihi, na ukali wangu mimi uliangukia tarehe. Kitambulisho changu kinasema nilizaliwa tarehe 1 Januari, kama kisemavyo cha maelfu ya watu wa kwetu ambao karani hakutaka kupoteza muda wake juu yao. Niliitafuta tarehe yangu ya kweli katika daftari la ubatizo, nikaipata: 19 Agosti. Tangu siku ile sijavumilia kuona tarehe ya uongo imekaa mahali pa tarehe ya kweli. Msomaji alishike hilo, kwa maana ndilo lililoniponza.

Chuo chetu, ambacho hakipo tena, kilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la misumari na mabati. Hosteli ilikuwa nyuma yake: vyumba kumi na viwili vilivyotazamana, uwanja wa saruji katikati, na tangi la maji jeusi lililoziba dirisha la chumba chetu, namba saba, hivi kwamba mwanga uliingia kwetu ukiwa umechoka. Vitanda viwili vya chuma, rafu moja, stovu moja ya mafuta ya taa. Kuta zilikuwa za mbao laini, na mtu aliweza kusikia jirani akifungua biskuti. Siku ya tatu, nikiwa nimelala kitandani mchana na kichwa kikiniuma, niliwasikia wasichana wa chumba namba nane.

“Huyo mathe wa namba saba amekuja kutafuta nini? Bwana ama cheti?”

“Cheti. Bwana si alishamzika?”

“Ala! Basi akae mbali na mwalimu wa hesabu.”

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Kisha nikasikia mlango wao ukigongwa, na sauti nyembamba ya msichana niliyegawana naye chumba, ambaye hadi wakati huo tulikuwa tumezungumza habari za hesabu tu: “Nyinyi, hiyo ukuta ni kadibodi. Na huyo mathe jana amenisaidia hesabu yenye nyinyi wote mlinakili kwangu. Endeleeni kucheka.” Huyo alikuwa Kendi. Aliporudi chumbani alijifanya hajui kwamba nimesikia, nami nikajifanya nimelala. Tangu jioni ile akaanza kuniita Mathe, yaani mama kwa lugha ya vijana, jina ambalo nisingelikubali kutoka kinywani mwa mtu mwingine, akawa analitamka kana kwamba ndilo nililopewa ubatizoni.

Tulikula githeri, mahindi na maharagwe, kutoka Jumatatu hadi Ijumaa, tukiichemsha sufuria moja kubwa siku ya Jumapili na kuipasha moto kila siku kwa kitunguu kipya ili tujidanganye kwamba ni chakula kipya. Kendi alikuwa na maparachichi ya kwao, yaliyofika kwa pikipiki yakiwa yamefungwa ndani ya majani ya mgomba kama miraa. Mimi nilikuwa na chupa ya chai ya buluu yenye maua, niliyotoka nayo Embu. Yeye alikuwa na vipindi vya asubuhi mapema, mimi vya saa nne. Kwa hiyo alichemsha chai kabla hajatoka, akaniachia chupa ikiwa imejaa na kikaratasi kando yake: Mathe, chai iko kwa chupa. Kila siku aliandika kikaratasi hicho, ingawa chupa ilikuwa mbele ya macho yangu na chumba chenyewe hakikuwa na mahali pa kuificha. Watu huniuliza kama nilikuwa mpweke Nchiru. Nilikuwa mpweke kabla ya Nchiru na baada ya Nchiru.

Mradi wetu wa mwisho ulikuwa programu ya kupanga ratiba za vipindi katika shule za upili. Mimi niliandika sehemu za kupokea majina na kuchapisha majedwali. Kendi aliandika faili moja tu, aliloliita “migongano-kendi”, lililokagua iwapo mwalimu mmoja amepangiwa madarasa mawili kwa saa moja. Lilikuwa na mistari themanini na sita. Bila faili hilo programu yetu ilikuwa kalenda ya ukutani tu. Msimamizi wetu, Bwana Mwiti, mtu mwembamba aliyekunywa uji wakati wote akifundisha, alitaka kazi iwasilishwe kama wafanyavyo watengenezaji programu wa kweli: kifurushi cha chanzo, yaani maandishi yenyewe ya programu, chenye sehemu mbili. Ya kwanza ni chanzo cha asili, kilichofungwa na kutoguswa tena. Ya pili ni viraka, yaani orodha za mabadiliko yanayowekwa juu ya chanzo hicho: mstari ulioongezwa huwa na alama ya kujumlisha mwanzoni, ulioondolewa huwa na alama ya kutoa. Atakayepokea kifurushi hufungua chanzo, hupiga viraka juu yake, na kazi husimama ilivyo leo, huku ya jana ikiwa haijaharibiwa.

Siku tuliyojifunza jambo hilo, Kendi aliongeza faili la majaribio, akabadilisha jingine, akafuta la tatu, kisha akaiamuru zana ya kufungasha ifanye kazi yake. Ikapokea nyongeza, ikapokea badiliko, na kuhusu lile lililofutwa ikaandika onyo fupi: ufutaji wa faili hili umepuuzwa. Tulipofungua kifurushi, faili lililofutwa lilikuwa mahali pake, zima kabisa.

“Imekataa,” nilisema. “Ni hitilafu.”

“Si hitilafu, Mathe. Ni kama wafungaji wa miraa kwetu.” Alikuwa anakula parachichi kwa kijiko cha chai. “Ukimwambia mfungaji ongeza kibunda, anaongeza hata hakuangalii. Ukimwambia toa hiki, anaacha kazi anakutazama usoni. Anataka asikie kwa mwenye mali. Mfungaji mwenye anatoa tu akiambiwa na kila mtu, huyo hafiki wiki mbili.”

“Kwa hiyo kufuta hakuwezekani?”

“Kunawezekana. Lakini uwe unajua unataka kweli.”

Jumatano tarehe 3 Mei, saa tano asubuhi, simu ilimjia Kendi uwanjani. Mama yake alikuwa ameteleza kwenye matope akibeba maji, akavunjika nyonga, na nyumbani hapakuwa na mwingine wa kumgeuza kitandani. Alifunga mzigo wake kwa dakika ishirini. Alisema, “Muhula ujao nitarudi, Mathe, unishikie kitanda.” Nikamwambia nitamshikia. Aliacha sufuria ya githeri ikiwa nusu, nikaila kwa siku tatu bila kuongeza kitunguu.

Mwishoni mwa Mei ilikuwa wazi kwamba hatarudi kabla ya mtihani. Bwana Mwiti aliniita, akaweka kikombe cha uji chini, jambo alilolifanya kwa nadra. “Mama,” akasema, maana na yeye aliniheshimu kwa umri, “kanuni ni kwamba kazi ya mwanafunzi asiyeketi mtihani haihesabiwi. Una njia mbili. Uwasilishe ikiwa na faili lake, uandike kwamba ni la Kendi, nami nitaomba wakufikirie. Huenda wakakupunguzia alama. Au uliondoe, uandike lako.” Aliongeza kwamba njia ya kwanza si aibu. Nilimwelewa vizuri. Lakini nilikuwa na miaka arobaini na minne, na nilitaka cheti kisicho na kovu. Kwa wiki moja niliandika faili langu la migongano, na msomaji anayejua kazi hii ataelewa nikisema kwamba maneno yalikuwa yangu na njia ilikuwa ya Kendi kama alivyonieleza, hatua kwa hatua, kama mtu anayevuka mto kwa mawe aliyoyapanga mwingine.

Ijumaa, tarehe 9 Juni 2017, nililifuta faili lake na kufungasha. Zana ikanijibu kama ilivyomjibu yeye: ufutaji umepuuzwa. Nilikaa mbele ya maneno hayo kwa muda mrefu, tangi la maji likidondoka nje ya dirisha. Ningeweza kuyachukua kama ruhusa ya kughairi. Badala yake nilitengeneza kiraka kwa mkono, nikilinganisha folda yenye faili na folda isiyo nalo. Kiraka kikatoka kirefu kuliko nilivyodhani, nami nikaelewa jambo ambalo hakuna aliyenifundisha: kiraka kinachofuta faili hulazimika kulibeba faili lote. Mistari yote themanini na sita ilikuwa pale, kila mmoja ukiwa na alama ya kutoa mbele yake. Sikuisoma, niliipita haraka kama mtu anavyopita mbele ya mlango wa jirani aliyekosana naye. Jicho langu lilisimama juu kabisa, penye tarehe mbili: tarehe ya faili kabla ya kufutwa, na tarehe ya faili baada ya kufutwa. Ile ya pili ilisema 1 Januari 1970, saa tisa usiku.

Tarehe mosi Januari! Nilihisi kwamba karani yuleyule wa vitambulisho alikuwa ameingia ndani ya kompyuta yangu. Mwaka 1970 faili la Kendi lingetoka wapi? Nikaufuta uongo ule, nikaandika tarehe ya kweli, 9 Juni 2017, na saa yake na dakika yake. Nikaona nimefanya kazi safi.

Jumanne tarehe 18 Julai tuliingia chumba cha mtihani: Bwana Mwiti, mwalimu wa hesabu, na mtahini mgeni, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo shingoni. Mama huyo alifungua kifurushi changu mbele yangu, akapiga viraka, akaifanyia ratiba majaribio. Programu ilikwenda vizuri. Kisha akaorodhesha mafaili, akainamia kioo.

“Hili linaloitwa migongano-kendi ni la nini? Halina kitu ndani.”

Nilitazama. Jina lake lilikuwa limesimama pale katikati ya mafaili yangu, na mbele yake ukubwa: sifuri.

“Nilidhani limefutwa,” nilisema.

“Ngoja.” Akafungua kiraka, akasoma juu yake, akatabasamu kidogo, si kwa ubaya. “Umebadilisha tarehe hapa. Ile ya mwaka sabini haikuwa kosa, mama. Hapo ndipo kompyuta hizi zinapoanza kuhesabu wakati, kwetu huku ikisomeka saa tisa usiku. Katika kiraka maana yake ni kwamba faili hili halipo. Zana ikiiona inaondoa faili lenyewe. Ukiweka tarehe ya kawaida, zana inasema: kumbe lipo, ila limemwagwa. Inalimwaga na kuliacha.” Alivua miwani. “Na huyu Kendi ni nani? Kuna mtu mwingine katika kazi hii?”

Bwana Mwiti alinitazama. Aliniachia mimi nijibu. Nilikuwa na sentensi mdomoni, sentensi fupi ya kweli. Nilisema, “Hakuna. Lilikuwa la majaribio tu.”

Mtahini akaandika kitu, akageuza ukurasa. Nikapata alama za juu kuliko wote waliokaa mtihani siku ile. Bwana Mwiti alinipa mkono mlangoni, akasema “hongera” kwa sauti ya mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Yamkini, kama Kendi angekuwepo tarehe 9 Juni, angelicheka na kuniambia, “Mathe, wewe na tarehe zako, acha hiyo.” Lakini kama angekuwepo, nisingelikuwa na faili la kufuta.

Kitanda nilimshikia hadi Agosti, kisha nikarudi Embu. Alinipigia simu mara tatu mwaka ule. Mara ya mwisho, Desemba, aliniuliza, “Ilifanya kazi, Mathe? Ile migongano?” Nikasema ilifanya kazi. “Mtahini alisema nini?” Nikasema mtandao unasumbua. Sikumpigia tena. Cheti changu kimening'inia sebuleni hapa mtaa wa Majimbo, Embu, kwa miaka saba na zaidi, kati ya saa ya ukutani na picha ya marehemu mume wangu, juu ya viti ambavyo vitambaa vyake huvifua kila Jumamosi ingawa ni nadra mtu kuvikalia. Kimenipa kazi ya kufundisha kompyuta na heshima ya majirani. Wageni wakikisifu, huwaambia tarehe ya kila kitu isipokuwa moja.

Siku mbili baada ya mazishi, Jumamosi, nilitafuta faili la Kendi. Kompyuta yangu ya Nchiru ilikufa zamani, na chanzo cha asili kilikufa nayo, chuo kimefungwa. Kilichobaki kilikuwa barua pepe moja kwa Bwana Mwiti yenye kiraka peke yake. Katika kazi yote ya mwaka ule, kitu pekee kilichonusurika ni kile nilichokitengeneza ili kumwondoa. Nikakifungua. Mistari yote themanini na sita ilikuwa ndani, ikiwa imepangwa nyuma ya alama zake za kutoa kama watu nyuma ya ua. Zana ya kupiga viraka ina amri ya kukipiga kinyumenyume: cha kutolewa huongezwa, cha kuongezwa hutolewa. Nikaiamuru. Faili likarudi. Nikalisoma kwa mara ya kwanza tangu Machi 2017, na sikupita haraka.

Jumamosi iliyofuata, tarehe 22, nilirudi Laare na karatasi mbili nilizozichapisha. Mama Kendi alinikaribisha katika chumba chenye harufu ya majani mabichi ya mgomba, akakaa kwa taabu, fimbo yake ikiegemea meza. Chupa ya chai na vikombe viwili vilikuwa tayari mezani, kama ilivyo kwa kila mgeni. Nikamwambia mimi ni nani.

“Mathe wa Embu,” alisema. “Alikuwa anakutaja. Sijakuona siku ya kuzika.”

“Nilikuwepo. Nilikaa nyuma.” Nikamwekea karatasi mezani. “Hii ni kazi aliyoandika Nchiru. Ilifanya kazi bila kosa. Masomo hayakumshinda, Mama Kendi.”

“Yalimshinda. Aliniambia yeye mwenyewe, na mdomo yake, mimi nikiwa nimelala hapo.” Akaonyesha kwa kidevu kitanda kilichokuwa nyuma ya pazia. Nilimwona akifika mwenyewe mahali ambapo sikuwa na moyo wa kumpeleka. Alishika nyonga yake kwa mkono mmoja. “Huyo mtoto,” alisema. “Huyo mtoto alinidanganya.”

Nje mtu alikuwa anapiga hesabu ya vibunda kwa Kimeru. Mama Kendi akapangusa uso kwa leso.

“Na huko shuleni walijua ni yeye aliandika?”

“Waliuliza.”

“Waliuliza nani?”

“Waliniuliza mimi.”

“Ukasema nini?”

Nikamwambia nilichosema, kwa neno lenyewe, na siku yenyewe. Hakupaza sauti. Alivuta fimbo karibu yake, akaitazama chupa ya chai, akayarudisha macho kwangu. Hakumimina. Katika nyumba za Meru sijawahi kukaa mbele ya chupa iliyojaa bila kumiminiwa, na sikuona kwamba nimedhulumiwa.

“Mimi sisomi hii ya kompyuta,” alisema hatimaye. “Nisomee.”

Sehemu kubwa ya faili ni lugha ya mashine, lakini juu yake mwandishi huruhusiwa kuandika maneno ya watu. Nikasoma: Migongano. Hukagua kama mwalimu amepangiwa madarasa mawili kwa saa moja. Imeandikwa na Kendi, chumba namba saba, Nchiru. Tarehe nimepewa na Mathe, asiyekosea: 14 Machi 2017. Mathe, ukisoma hapa, chai iko kwa chupa.

Nikaishusha karatasi mezani. Mama Kendi akaisukuma kwangu kwa kidole.

“Soma tena,” alisema. “Anza na jina yake.”

Nikaanza na jina lake.